Jua la Kigoma linafika utosini saa saba: uzi wa jua na sayari zake

Fundi wa Mwanga

Wakuu habari za muda huu, na ndugu zangu wa Kigoma mwakeye. Mimi ni fundi sola, napanda mapaa ya watu kuanzia hapa Mwanga mpaka vijiji vya mwambao, kwa hiyo jua nashinda nalo kutwa nzima na nimelipenda kweli. Nataka tuliongelee lenyewe pamoja na hizi sayari zake, maana kuna mambo mengi tunaishi nayo kila siku hapa hapa na hatuyashtukii, na mengine ya huko mbali yakisemwa mtu anaona ni chai kumbe yamepimwa kabisa.

Naanza na nyumbani. Mteja akiniita huwa ananiambia fundi hakikisha sola inapata jua la saa sita. Sasa Kigoma saa sita mchana jua bado halijafika juu, linafika utosini karibu saa saba. Sababu ni kwamba dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, yani kila nyuzi moja dakika 4, na saa ya Tanzania nzima imepangwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki ambao hata haupiti nchini kwetu, uko baharini huko mashariki ya Dar. Kigoma tupo kwenye nyuzi 29 na nusu hivi. Tofauti ni nyuzi 15 na kidogo, yani saa nzima na dakika moja hivi. Ndo maana huku saa kumi na mbili asubuhi bado giza na jioni watu wa Dar wameshawasha taa sisi watoto wanacheza mpira. Mwezi wa Ramadhani ndo inaonekana vizuri zaidi, redio inaadhini magharibi ya Dar na Ujiji bado tuna kama dakika 40 mbele ya kufuturu. Ukivuka kwenda Bujumbura unarudisha saa nyuma saa moja, na kwa saa yao jua la utosi linaangukia saa sita kama inavyotakiwa.

Halafu hata hiyo saa saba yenyewe haitulii. Mwanzoni mwa Novemba jua linafika juu saa 7 kasoro robo, katikati ya Februari linafika saa 7 na robo. Nusu saa nzima inacheza ndani ya mwaka na saa ya ukutani haijaguswa. Inatokana na vitu viwili, dunia imeinama, na njia yake ya kulizunguka jua siyo duara kamili kwa hiyo ikiwa karibu na jua inakimbia zaidi na ikiwa mbali inapunguza.

Na hapo kwenye karibu na mbali ndo watu wengi wanakataa. Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Tofauti kilomita milioni 5! Mwanga wa Januari una nguvu zaidi ya ule wa Julai kwa karibu asilimia 7, nje ya anga huko juu kabla mawingu hayajauchezea.

Sasa kitu ambacho nakipenda kuliko vyote. Ukiingia kwenye nyumba yenye bati la zamani lenye matundu ya misumari, mchana utaona miale inashuka na vumbi linacheza ndani yake, halafu chini sakafuni kuna viduara vya mwanga. Angalia tundu lenyewe, mara nyingi siyo duara, limepasuka limekaa hovyo, lakini chini unakuta duara safi. Ni kwa sababu ile siyo picha ya tundu, ile ni picha ya jua. Kila kiduara pale sakafuni ni jua zima. Chukua karatasi nyeupe uishike ikiwa imelielekea jua, pima upana wa duara, pima na umbali kutoka kwenye tundu mpaka kwenye karatasi, kisha gawa umbali kwa upana. Unapata namba inayozunguka kwenye 100, na tundu likiwa dogo kama ncha ya pini inasogea mpaka 107. Maana yake jua liko mbali nasi mara 107 ya upana wake lenyewe. Umbali tunaujua, kilomita milioni 150, gawa kwa 107 unapata kilomita milioni 1.4, na huo ndo upana wa jua, umeupima ukiwa sebuleni kwa bati bovu na rula ya mtoto wa shule. Chora mstari kuzunguka kile kiduara kwa penseli uone, ndani ya dakika mbili na sekunde chache kitakuwa kimetoka chote nje ya mstari. Hapo umeshuhudia dunia inavyozunguka kwa macho yako bila kulitazama jua lenyewe, ambalo tafadhali msilitazame moja kwa moja, linaunguza jicho na halitoi taarifa kwa maumivu.

Chini ya miembe ni vile vile. Vile viduara vya mwanga kwenye kivuli cha mwembe ni picha za jua zinazopita katikati ya majani. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, mwezi ukalifunika katikati likabaki kama pete kule Rujewa, Mbarali, huku kwetu lilimegwa sehemu kubwa, na chini ya miti viduara vyote viligeuka kuwa vimwezi vichanga mamia kwa mamia. Waliokuwa wanatazama chini siku ile waliona vizuri kuliko waliokuwa wanakodoa juu.

Ngoja niishie hapa kwanza, mwenye swali au nyongeza alete.

Mtoto wa Ng'ambo

Mwangaluka mkuu. Niko Tabora na hilo la Januari limenikwama. Kama jua lipo karibu Januari mbona hapa Tabora joto la kufa mtu ni Oktoba? Na huo Juni, Julai usiku tunalala na mablanketi mawili. Umbali unahusika vipi hapo?

Fundi wa Mwanga

Mkuu umeuliza swali zuri sana. Umbali unahusika kidogo tu, kinachotawala ni jua linakupiga kwa pembe gani pamoja na mawingu. Sisi wa Kigoma na Tabora tupo nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, tarehe 8 Machi hivi likielekea kaskazini na tarehe 6 Oktoba likirudi kusini. Machi mvua zipo, mawingu yanalifunika. Oktoba mvua bado, ardhi kavu, mbingu nyeupe, jua wima kichwani, hapo ndo unakiona cha moto. Januari lipo karibu lakini limesogea kusini na mawingu tele. Juni limeenda kaskazini, mchana linasimama kama nyuzi 28 kutoka utosini, halafu Tabora mko juu mita kama 1,200 na hewa ni kavu, usiku joto lote linapanda angani hakuna wingu la kulizuia.

Na hii watu wanaotaka kufunga sola waisikie. Joto siyo rafiki wa sola, sola inataka mwanga. Seli zikipanda joto juu ya nyuzi 25 zinapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Bati la Oktoba seli zinafika nyuzi 60 bila shida, hapo wati 100 zako zimeshapungua 14. Namba kubwa kabisa nazozisoma kwenye mita huwa ni baada ya mvua, wingu limepasuka, hewa imeoshwa, paneli ya baridi, na kingo za mawingu meupe zinaongeza mwanga wa pembeni. Dakika chache tu lakini inapanda mpaka inapita namba iliyoandikwa mgongoni mwa paneli.

Mama Ujiji

Asante mwanangu kwa elimu. Mjukuu wangu yuko darasa la tano kaniuliza jambo nikakosa jibu. Kafundishwa moto hauwaki bila hewa, kaniuliza bibi jua linawakaje wakati huko juu hakuna hewa? Na kama linawaka mbona haliishi?

Fundi wa Mwanga

Shikamoo mama. Mwambie mjukuu ana akili sana, hilo swali wataalamu wakubwa wa zamani lilikuwa linawatesa mpaka karne iliyopita. Jua haliwaki kama kuni. Katikati yake kuna joto la nyuzi milioni 15 na mgandamizo wa ajabu, humo chembe za haidrojeni zinabanwa mpaka zinaungana kuwa heliamu, na kila zinapoungana uzito kidogo unapotea, huo uliopotea ndo unageuka mwanga na joto. Kila sekunde moja jua linatumia haidrojeni kama tani milioni 600, na tani kama milioni 4 katika hizo zinageuka kuwa nishati moja kwa moja. Kila sekunde. Limefanya hivo miaka bilioni 4.6 na bado linayo ya kulifikisha miaka kama bilioni 5 mbele, kwa sababu limebeba zaidi ya asilimia 99.8 ya uzito wa vitu vyote vya huku, sayari zote nane na miezi yao na vimondo tunagawana hicho kilichobaki.

Ila mama kuna kitu kimoja kinanishangaza kuliko hizo namba kubwa. Ukichukua ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja pale pale katikati ya jua, unatoa kama wati 280 tu, sola tatu za wati 100 zinaushinda. Mwili wako wewe mama, ujazo kwa ujazo, unatengeneza joto zaidi ya kitovu cha jua! Jua linatushinda kwa ukubwa, ndani yake zingeingia dunia kama milioni 1.3, na pia halitoi joto lake haraka.

Haraka haliijui kabisa. Mwanga ukizaliwa katikati hautoki moja kwa moja, unagonga chembe hii unarudishwa, unagonga ile unarudishwa, unahangaika humo maelfu na maelfu ya miaka, hesabu nyingi zinafika miaka 100,000 na kuzidi, ndo nishati inafika juu. Ikishatoka kwenye uso wa jua inachukua dakika 8 na sekunde 20 tu kufika kwenye paa lako hapo Ujiji. Kwa hiyo simu unayoichaji leo mchana inatumia nishati iliyotengenezwa kabla mtu hajalima hata tuta moja la muhogo duniani.

Na ajabu nyingine, uso wa jua una nyuzi kama 5,500 lakini ile hewa yake ya nje inayoonekana wakati wa kupatwa ina nyuzi milioni moja na zaidi. Yani unatoka kwenye moto unaenda mbali nao halafu joto linaongezeka. Wanasayansi mpaka leo wanaifanyia kazi, ndo maana Marekani walirusha chombo cha Parker mwaka 2018 kikalichungulie kwa karibu. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka juani kikiwa kwenye mwendo wa kilomita kama 690,000 kwa saa. Reli ya kati kutoka Kigoma mpaka Dar, kilomita 1,250 na kitu, kingeimaliza kwa sekunde zisizozidi 7.

Mvuvi Kibirizi

Mimi kazi yangu usiku ziwani. Kuna ile nyota kubwa haimetimeti imetulia tu, miezi mingine tunaiona jioni upande wa Kongo miezi mingine alfajiri upande wa milima yetu, ikitoka alfajiri tunajua kunakucha tunaanza kujiandaa kurudi. Wapo vijana wanasema ni satelaiti ya wazungu. Usiku wa manane sijawahi kuiona hata siku moja.

Fundi wa Mwanga

Kaka hiyo ni sayari ya Zuhura, na hapo uliposema usiku wa manane hujawahi kuiona umesema kitu kikubwa sana. Zuhura iko ndani ya njia yetu, kati yetu na jua, kwa hiyo kwa macho yetu haiwezi kuachana na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi. Ni lazima ilifuate jua jioni au ilitangulie asubuhi, usiku wa manane haiwezekani kabisa. Satelaiti huwa inakatiza anga kwa dakika chache inapotea.

Na hiyo unayoiona inavyopendeza hivo ndo sayari yenye joto kuliko zote. Siyo Zebaki iliyo jirani na jua, ni Zuhura, nyuzi kama 465 mchana na usiku, madini ya risasi yanayeyuka. Hewa yake ni kabonidayoksaidi asilimia 96 inazuia joto lisitoke, na ni nzito kiasi kwamba mgandamizo pale ardhini ni mara 92 ya huku kwetu. Wewe unalijua ziwa letu lina kina, sehemu ya ndani kabisa ni mita 1,470, sasa shuka mita 900 na kitu ndani ya Tanganyika, mgandamizo utakaokukuta huko ndo wa mtu aliyesimama juu ya ardhi ya Zuhura. Umoja wa Kisovieti walitua chombo chao cha Venera 13 mwaka 1982, kikadumu dakika 127 kikafa, na hizo dakika zilihesabika ni nyingi.

Zuhura pia inajizungusha kinyume na sisi na kwa uvivu mno. Jua linachomoza magharibi linazama mashariki, na kujizungusha mara moja kunaichukua siku zetu 243 wakati kulizunguka jua inatumia 225 tu.

Mwalimu Kasulu

Hongera sana mtoa uzi, wanafunzi wangu nitawasomea hii. Naomba niongeze Zebaki maana umeitaja ukapita. Zebaki mwaka wake ni siku 88 za kwetu, lakini kutoka jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena ni siku 176, yani siku moja ya kule ni miaka miwili ya kule. Na kuna sehemu za Zebaki ambapo jua linachomoza, linasimama, linarudi linazama pale pale lilipotokea, halafu linachomoza tena. Inatokea kwa sababu ikifika karibu zaidi na jua inakimbia kwenye njia yake kuliko inavyojizungusha. Mchana nyuzi 430, usiku chini ya sifuri nyuzi 180, na pamoja na joto lote hilo kuna barafu ya maji kwenye mashimo ya ncha zake ambako jua halijawahi kufika, chombo cha MESSENGER kilithibitisha mwaka 2012.

Na Neptuni ilipatikana kwa kalamu kwanza. Yuranasi ilikuwa haifuati njia iliyopigiwa hesabu, Mfaransa Le Verrier akakaa na karatasi akasema kuna kitu kinaivuta na kitakuwa mahali fulani, akaandika barua Berlin kwa mtazama nyota Galle, barua ilipofika Galle akaelekeza darubini usiku ule ule wa tarehe 23 Septemba 1846 akaikuta, haikupishana na hesabu hata nyuzi moja. Inalizunguka jua kwa miaka 165, kwa hiyo mzunguko wa kwanza tangu tuijue iliumaliza mwaka 2011. Nikiwafundisha watoto hesabu naanzaga na kisa hiki.

Fundi wa Mwanga

Mwalimu umenifurahisha sana, hicho kisa nakipenda. Mimi hapo nitaongeza Mshtarii, na Mvuvi Kibirizi hii ni yako pia. Usiku wa manane ukiona nyota kubwa imetulia haimetimeti iko juu kabisa, mara nyingi ni Mshtarii. Tafuta darubini ya kawaida kama wanazobeba watalii wa Gombe, ukiwa nchi kavu uegemeze ukutani isitikisike, utaona vinukta vidogo vimejipanga msitari mmoja pembeni yake. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, Galileo aliiona Januari 1610. Kesho yake rudi tena, vimehama. Ule wa ndani unaitwa Io unamaliza mzunguko kwa saa 42 tu. Na kwa kuvizia Io inavyoingia kwenye kivuli cha Mshtarii, Mdenmaki Rømer mwaka 1676 aligundua kwamba mwanga unatumia muda kusafiri, maana dunia ikiwa mbali na Mshtarii kupatwa kwa Io kulikuwa kunachelewa kuonekana.

Mshtarii yenyewe ina uzito mara mbili na nusu ya sayari nyingine zote ukizikusanya, na pamoja na ukubwa huo siku yake haifiki saa 10. Inalivuta jua mpaka jua lenyewe linayumba, ile sehemu ambayo jua na Mshtarii vinaizunguka kwa pamoja iko nje kidogo ya uso wa jua. Kwa hiyo hata jua halijasimama, na lenyewe linajizungusha bila kwenda sawa, kwenye ikweta yake siku 25 na nchani kama 35, kwa sababu siyo kitu kigumu.

Zohali ni nyepesi kuliko maji ukichukua ujazo kwa ujazo, na zile pete zake zina upana wa kilomita kama 280,000 toka ukingo mpaka ukingo lakini unene sehemu nyingi ni mita 10 tu hivi, vipande vya barafu vitupu. Ndo maana pete zikitugeukia kwa ubavu, kama Machi 2025, zinakuwa nyembamba mno kuonekana kwenye darubini za kawaida. Yuranasi imelala ubavu, ncha zake zinapata miaka 42 ya mwanga na miaka 42 ya giza, mtu angezaliwa kule jua likizama angeliona likichomoza akiwa mtu mzima wa miaka 42.

Na kwa sisi tunaokaa ufukweni jioni kuangalia jua jekundu likizama nyuma ya milima ya Kongo: kule Mirihi ni kinyume. Mchana anga lao ni la rangi ya udongo na jua likizama linazungukwa na bluu. Vumbi la kule ni laini kiasi kwamba linaipitisha bluu mbele na kutawanya nyekundu pembeni. Picha zipo, chombo cha Curiosity kilichoko kule kilizipiga mwaka 2015, zitafuteni mzione.

Mvuvi Kibirizi

Na mwezi je? Sisi mbalamwezi ikiwa kubwa hatuendi, taa hazivuti dagaa, tunasubiri giza. Uko mbali kiasi gani ule?

Fundi wa Mwanga

Kwa wastani kilomita 384,400. Inaonekana kidogo ila sikiliza, chukua sayari zote saba zilizobaki ukiitoa dunia, Mshtarii na Zohali zikiwemo, zipange kwa foleni zikigusana, jumla ya vipenyo vyake ni kama kilomita 380,000. Zote zinaingia kwenye umbali huo na nafasi kidogo inabaki. Na kila usiku mwezi unachelewa kutoka kwa dakika kama 50, hilo wewe unalijua kuliko mimi, ndo maana baada ya mwezi mpevu unaanza kupata kigiza cha saa za mwanzo kwanza kabla giza lenyewe halijakamilika.

Mtoto wa Ng'ambo

Fundi nimesoma uzi wote mpaka chini. Kile kiduara cha bati nimekijaribu stoo ya mzee, kimetoka kwenye mstari wa penseli kweli na dakika mbili hazijapita nyingi. Sasa hiyo siku ya jua la utosini hapa Tabora nataka niwaite watoto wa mtaa waone. Nifanyeje na ni saa ngapi hasa?

Fundi wa Mwanga

Safi sana mkuu! Simamisha bomba au nondo wima kabisa, tumia timazi, usikadirie kwa jicho. Oktoba tarehe 6, siku moja mbele au nyuma siyo mbaya, Tabora jua linafika juu saa 6 na dakika 37 mchana. Machi tarehe 8 ni saa 7 kamili. Kigoma Oktoba ni saa 7 kasoro dakika 10 na Machi ni saa 7 na dakika 12. Anzeni kuangalia robo saa kabla, mtaona kivuli kinajikusanya kinaingia chini ya nondo, kinapotea, halafu kinatokea upande wa pili. Kwa Machi mwombe mawingu yawape nafasi, kwa Oktoba wapeleke watoto na maji ya kunywa maana mnajua wenyewe lile jua. Mkipiga picha ziwekeni hapa na tarehe na saa, na aliyeko Kasulu, Kibondo, Urambo, Nzega naye apime aweke ya kwake tulinganishe.